Senteu Asiyesema Panapomuuma

Mdogo wangu Senteu ana miaka thelathini na tatu, mke mmoja, watoto watatu, na kichwa kigumu ambacho sijui alikirithi kwa nani, maana marehemu baba yetu alikuwa mtu wa kusikiliza. Mimi naitwa Naishorua. Nina mgahawa hapa Karatu, nyuma ya stendi, na kama umewahi kushuka kwenye basi asubuhi ukanywa supu ya moto na chapati mbili, inawezekana tumeshaonana. Nilizaliwa Kakesio, ndani kabisa ya Ngorongoro, nikaolewa na Mmbulu anaitwa Tluway, nikahamia huku kwenye mahindi na vitunguu. Senteu alibaki kule kwenye ng'ombe. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani namsema mtu baki. Namsema wangu, na haki hiyo ninayo.

Kwa miaka kumi na moja Senteu alikuwa mtu wa punda. Wageni wanaotembea kwa miguu kutoka Nainokanoka kwenda kreta ya Empakaai hawabebi mahema yao wenyewe, hubebewa na punda, na nyuma ya punda kuna kijana wa Kimasai anayetembea kimya. Huyo ndiye alikuwa mdogo wangu. Mbele anatembea mwongozaji, anaeleza mti huu na ndege yule, wageni wanaandika kwenye vidaftari. Na nikuambie ukweli, nusu ya yale yaliyoelezwa mbele yalikuwa yameulizwa kwanza huku nyuma. Senteu anaijua mitishamba ya msitu ule kama mimi ninavyojua viungo vya pilau. Anakuambia nyati amepita saa ngapi na alikuwa na haraka au la. Kiingereza alikiokota kwa wageni, neno moja leo na jingine kesho, hadi kikamkaa. Lakini kuongea mbele za watu, hapana.

Sababu ilikuwa mdomo. Meno yake ya juu yaliota yakigombania nafasi. Mawili yalipanda juu ya wenzake, chonge moja ikachomoza mbele, mdomo ukawa haufungi vizuri. Tangu utoto akiongea anaweka kiganja mdomoni, au anavuta ncha ya shuka. Maneno yanaishia ndani ya kitambaa, mgeni anauliza umesemaje, anauliza tena, halafu anachoka na kumgeukia mwingine. Watu walidhani ana dharau. Hakuwa na dharau hata chembe, alikuwa na aibu, na aibu ya mtu mzima ni ngumu kuitibu kuliko kikohozi.

Basi mwaka jana kampuni moja ya matembezi ilitangaza kwamba itachukua waongozaji watano wapya, wenyeji wa hukuhuku, na cheti cha chuo si lazima ukifaulu usaili. Senteu hakumwambia mtu. Aliuza madume mawili, akapanda basi hadi Arusha, akamtafuta daktari wa meno anayefunga waya. Ndiyo, waya zilezile unazoziona kwa watoto wa shule wa mjini. Mtu mzima na shuka lake jekundu kakaa kwenye benchi katikati ya wasichana wa sekondari, anasubiri jina lake liitwe. Alipokuja kunisimulia nilicheka hadi nikashika ukuta. Kisha nikaingia jikoni nikajifuta macho, kwa sababu haikuwa kicheko peke yake.

Alifungwa za juu tu. Sisi Wamasai wengi wa umri wangu na wake tuling'olewa meno mawili ya mbele ya chini tukiwa watoto, hata mimi pengo hilo ninalo. Daktari Angela, mama mmoja mpole lakini mwenye macho makali, alimuuliza kama angependa na hilo lizibwe. Senteu akamwambia hilo aliache, hilo ni la nyumbani, yaliyopotea njia ni ya juu. Nililipenda jibu lile na mpaka leo nawasimulia wateja.

Daktari alimpa maelekezo kama mtoto. Wiki ya kwanza ale vitu laini. Asukutue kwa maji ya chumvi ya vuguvugu. Meno yakiuma anywe dawa ya maumivu, siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Akampa na kijisanduku cha nta nyeupe ya kubandika juu ya waya ikianza kumkwaruza shavu. Na neno la mwisho, ambalo Senteu mwenyewe alinirudishia bila kujua anajishtaki, lilikuwa hili: kitu chochote kikichoma au kukata, piga simu siku hiyohiyo. Ndiyo maana alikuja kukaa kwangu badala ya kurudi Kakesio. Kwa mama lishe huwezi kukosa uji.

Alifungwa Jumanne. Jumatano asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu yake kwamba usaili uliokuwa wa mwezi ujao umewahishwa. Utafanyika Jumatano inayofuata, kulekule Nainokanoka. Siku saba. Asiyekuja, asijihesabu tena, na nafasi nyingine haijulikani itatangazwa lini. Miaka kumi na moja nyuma ya mkia wa punda, halafu mlango unafunguka wakati mdomo wako umefura.

Sasa hapa lazima nikueleze jambo, la sivyo utamwona mdogo wangu mjinga. Siku ya jando lake nilikuwa pale bomani na wanawake wenzangu, tumesimama mbali kidogo, tumekaza roho. Kwetu kijana akikunja uso wakati wa kisu, au akitikisa hata kidole cha mguu, doa lile halimfuati yeye peke yake. Linamfuata mama yake kisimani. Senteu alikaa kama aliyesahauliwa pale. Hakupepesa jicho. Wajomba walimpa mitamba, yeyo, mama yetu, aliimba hadi sauti ikakauka, na mimi nilitembea mwezi mzima kifua mbele. Kwa hiyo kosa si lake peke yake. Tulimsifu sana kwa kunyamaza, na mtu hujifunza pale anaposifiwa.

Alhamisi maumivu yalimkaba. Najua kwa sababu nilimtazama, si kwa sababu alisema. Alichukua chapati, akaichovya kwenye chai, akaiweka mdomoni, akakaa nayo bila kutafuna hata mara moja, akaimeza nzima. Ya pili akasema ameshiba. Mtu anayemaliza ugali wa watu wawili, leo ameshiba kwa chapati moja. Nikamletea uji, akanywa nusu. Nikampa vidonge, akasema havihitaji. Tluway, ambaye ni shemeji yake na utani wao hauna breki, akampelekea bakuli la makande ya mahindi magumu akamwambia karibu sana shemeji, chakula cha Wambulu kinaimarisha taya. Senteu akatabasamu kwa macho tu. Baadaye nilimkuta uani anakunywa maziwa kwa mrija aliopitisha kwenye lile pengo la chini, bila kugusa jino lolote. Nikafikiri wazee hawakuwa wajinga, maana walisema pengo lile ni la kumnyweshea mgonjwa aliyefunga kinywa.

Jioni ileile wakaja wenzake. Walikuwa watatu, wote watu wa punda, wote rika moja naye, wakiongozwa na Lekoko. Huyu Lekoko ni jitu refu lenye sauti ya kuamrisha, na ndiye aliyekaa pembeni yake siku ya jando. Walikuwa wametoka mnadani na mbavu za mbuzi za kuchoma kwenye gazeti. Walipoona zile waya walicheka, wakamwambia amejifungia geti kama la hifadhi, wageni wataanza kulipia kiingilio mdomoni mwake. Utani wa kawaida, hakuna ubaya. Kisha Lekoko akachana ubavu mmoja, akampa.

Nilikuwa mlangoni na ndoo. Nilitaka kusema, daktari kakataza. Senteu alinitupia jicho moja, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu huko nitakujutia. Mwanaume wa kwetu halikatai pande la nyama alilopewa na mwenzake wa rika mbele ya wenzake, labda awe anakufa. Akaupokea. Akauma mfupa ule kwa meno yaliyokuwa yanawaka moto, akavuta, akatafuna, akameza, akapokea wa pili. Anaongea, anacheka, jasho linamtiririka kwenye paji la uso na ilikuwa baridi ya kuvaa sweta. Lekoko akasema kumbe waya si kitu. Senteu akajibu si kitu.

Ijumaa Daktari Angela akapiga mwenyewe. Wangapi hufanya hivyo? Simu ilikuwa kwenye spika, mimi nachambua mchele pale mezani. Akamuuliza anaendeleaje. Akajibu kama tunavyosema kwetu kukiwa kuzuri: sidai, daktari, niko salama kabisa. Kuna kitu kinachoma? Hakuna. Anakula? Anakula. Daktari akasema vizuri, basi tutaonana mwezi ujao, akakata. Nilimtazama mdogo wangu. Shavu la kulia lilikuwa limevimba kama aliyeficha karanga. Nikamuuliza, akasema ndivyo waya zilivyo, zinajaza mdomo. Na mimi, nina miaka arobaini na nane, nimelea watoto wanne na nimefukuza walevi wasiohesabika kwenye mgahawa ule, nikakubali.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nikaokota glasi yake ya maziwa. Pembeni ya glasi kulikuwa na mstari wa damu, na kwenye maziwa yaliyobaki chini kulikuwa na rangi ya waridi. Sikuuliza kitu. Niliweka glasi chini, nikamshika taya kama mbuzi anayenyweshwa dawa, nikamwambia fungua au nakuita Tluway akushike mikono. Akafungua. Weee. Waya ya juu kule nyuma kabisa ilikuwa imechomoka kwenye chuma chake. Ncha yake imekaa wima kama sindano, na kila alipoongea au kumeza ilikuwa inachimba shavu. Kulikuwa na mfereji pale. Vidonda vyeupe vingine vilikuwa vimejipanga ndani ya mdomo.

Zilikuwa ni zile mbavu za Alhamisi. Alijua tangu usiku uleule. Siku tatu anatembea na sindano mdomoni, anamwambia daktari yuko salama, na nta ya watu iko kwenye kijisanduku mfukoni, haijafunguliwa.

Nilimsema. Majirani walisikia, na waliokuwa wanakwenda kanisani walipunguza mwendo. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye kitamuumbulia kwenye waya ya meno, tutaandika nini kwenye msalaba? Alingoja hadi nikaishiwa pumzi. Kisha akasema, polepole, kiganja kikiwa mdomoni:

"Dada, mwanaume hasemi. Wewe ulikuwepo. Unajua."

"Nilikuwepo," nikamwambia. "Kile kilikuwa kisu, kikamalizika kabla jua halijapanda. Hizi ni waya, na utakaa nazo miaka miwili. Utanyamaza miaka miwili? Na huko kwenye usaili utaongea na nini, na masikio?"

Hapo aliinamisha kichwa. Nilipiga simu kwa daktari mimi mwenyewe. Sauti yake ilipanda aliposikia, na sikumlaumu. Alisema kama angejua Ijumaa, Ijumaa hiyohiyo ingekatwa na kidonda sasa kingekuwa kimeanza kufunga. Akatuelekeza tubandike nta juu ya ncha, asukutue chumvi, anywe dawa ya maumivu kwa saa, na Jumatatu asubuhi twende kwa mtabibu wa meno hapa Karatu, yeye atazungumza naye kwa simu. Nilibandika ile nta kwa kidole changu. Mdogo wangu alifumba macho na nikaona mabega yake yanashuka, kidogo tu, na nikajua kwamba kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hakuna kitu kinachomchoma.

Jumatatu walikata ile ncha na kuirudisha waya mahali pake. Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu. Siku zote zile za mateso, kumbe dawa ilikuwa mkasi mdogo na sentensi moja.

Lakini kidonda hakina habari na mkasi. Jumanne alipojaribu kuongea kwa dakika kumi mfululizo, damu ikarudi na mate yakamshinda. Nilimwambia awapigie simu aombe siku nyingine. Akakataa. Akasema wakisikia anaomba siku kwa ajili ya meno watamcheka hadi tarafa ya Sale. Nikaona hapa tena yuleyule, nikamwacha. Ila usiku niliomba, na sala yangu ilikuwa na hasira ndani yake. Nilimwambia Engai, Mungu wetu, amempa mtu huyu kichwa kilichojaa msitu mzima, asiache kipotee kwa sababu ya mdomo.

Sasa sikia bahati. Kampuni ile ilikuwa imeniajiri mimi nipike siku ya usaili, kabla hata ya kujua nina ndugu pale. Jumatano alfajiri tukapanda na sufuria zangu, mkaa, gunia la viazi na Senteu kakaa juu ya gunia, hatusemeshani. Nainokanoka ilikuwa kwenye ukungu mzito, baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Watu wa punda walikuwa wameshafika na mahema, Lekoko akiwa mbele yao anaamrisha kama kawaida. Watahiniwa walikuwa tisa. Wengine walivaa kofia mpya na mabuti ya chuo, wana vyeti kwenye bahasha za plastiki. Mdogo wangu alikuwa na shuka, kandambili za tairi na kitambaa cha kufutia mate.

Waliingia msituni kuelekea kreta ya Olmoti na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kila mtahiniwa anapewa kipande chake cha njia aongoze. Sikuwepo, kwa hiyo sitakudanganya. Yule askari aliniambia baadaye kwamba Senteu aliongea maneno machache, ila kila alilosema mtu alisimama kutazama. Alisema pia kwamba alikuwa akigeuka pembeni kutema damu, halafu anaendelea.

Waliporudi saa saba mvua ikashuka. Hapakuwa na pa kukaa isipokuwa chini ya turubai langu la kupikia, basi maswali ya mdomo yakaulizwa palepale. Watahini wawili kwenye viti, watahiniwa juu ya magunia, watu wa punda wamesimama pembeni wakikinga mvua, mimi katikati na mwiko. Mtahini mkubwa alikuwa mzee Clemensi, Mmbulu aliyeongoza wageni miaka mingi kabla magoti hayajamstaafisha, mtu mfupi asiyecheka. Swali lake lilikuwa moja kwa wote. Una mgeni mwanaume, mtu mzima, siku ya pili ya matembezi. Unaona kama hayuko sawa. Unamuuliza, anakujibu yuko sawa kabisa. Unafanyaje?

Walijibu vizuri, siwezi kuwavunjia heshima. Mmoja alisema atampima mapigo ya moyo. Mwingine alieleza habari ya mwinuko na hewa nyepesi kama anasoma ukutani. Mwingine akasema mgeni akisema yuko sawa, mwongozaji aheshimu neno lake. Ikafika zamu ya Senteu, akakaa kimya. Yule mtahini wa pili akatazama saa. Nilisikia maharage yanachemka na nikatamani kuyamwaga yote. Wazo langu lilikuwa moja: sema hata uongo, lakini sema.

Akaondoa mkono mdomoni.

"Simuulizi tena kama yuko sawa," akasema. Mate yalimchuruzika, akayafuta, akaendelea. "Ukimuuliza hivyo mtu aliyefundishwa kunyamaza, umempa pa kujificha. Namtazama anavyokula. Anatafuna upande gani, amebakiza nini. Halafu namuuliza: ni wapi? Si kama panauma. Ni wapi. Hapo hawezi kusema niko sawa, itabidi aoneshe."

Mvua ilikuwa inapiga turubai. Mzee Clemensi akamtazama mdomoni, kwenye zile waya na shavu lililovimba. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anamuuliza mjukuu wake:

"Na wewe, ni wapi?"

Mwenzangu, nilijua pale ndipo. Wale watu wa punda walikuwa hatua mbili kutoka kwake. Rika lake. Watu waliomwona hapepesi jicho, waliokula naye mbavu. Akisema, wamesikia, na watalibeba neno hilo hadi Kakesio. Asiposema, basi alilolisema sasa hivi ni maneno matupu na yule mzee ameshamjua. Senteu alimgeukia Lekoko, akamtazama usoni. Halafu akafungua kinywa chote, wazi mbele za watu, jambo ambalo sikumwona akilifanya tangu ameota meno ya ukubwani. Akaweka kidole ndani.

"Hapa, mzee," akasema. "Na hapa kwenye shavu. Panauma sana. Tangu Alhamisi, na leo tangu asubuhi."

Hakuna aliyecheka. Mzee Clemensi akaandika kitu, akasema asante, anayefuata. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko hewani na mchuzi wa maharage unadondokea kiatu changu. Nilijivuna siku ya jando, nimeshakuambia, nilijivuna na boma zima likijivuna pamoja nami. Lakini siku hii ilikuwa kubwa kuliko ile, na nilijivuna peke yangu, katikati ya moshi na magunia ya viazi, kifua kimejaa hadi nikaona joto. Kama ingekuwa desturi ningepiga vigelegele.

Majina yalitoka Ijumaa na lake lilikuwa la pili. Yeyo alipoambiwa kwa simu aliuliza kama meno yamenyooka tayari. Lakini mimi sikuhitaji kungoja Ijumaa, kwa sababu ya jambo lililotokea jioni ileile, wakati wengine wanapakia magari.

Nilikuwa nyuma ya turubai nasugua sufuria. Lekoko akaja, akasimama. Akauliza kama kuna chai. Nikampa. Akainywa yote akiwa amesimama, akarudisha kikombe, na hakuondoka. Nikamwambia kama ni chai nyingine aseme. Akaangalia huku na huku kama mtu anayetaka kuiba, kisha akavuta shuka lake juu ya goti. Goti lilikuwa limevimba mara mbili ya lile lingine, ngozi imetanuka inang'aa. Mtu huyu alikuwa amepanda na punda tangu masika, kila wiki, akipiga kelele mbele ya wote.

"Dada," akasema, na lile jitu lenye sauti ya kuamrisha lilikuwa linanong'ona. "Naomba uniitie Senteu."

Nikamkalisha juu ya gunia, nikamwita mdogo wangu. Alikuja anafuta mdomo, akaona goti, hakuuliza limeanza lini wala kwa nini hakusema. Akapiga magoti kwenye matope, akaweka mikono yake miwili pale, akaanza kazi.